Mkanda Hupimwa Chini ya Gari

Kila Disemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya familia. Yanapita Chalinze, Segera, Korogwe na Same yakiwa yamebeba bibi, wajukuu na mabegi. Yakirudi Januari yanabeba mikungu ya ndizi. Miongoni mwake utaona Toyota HiAce za zamani zilizogeuzwa kuwa nyumba ndogo ya safari. Kiti cha nyuma kinalazwa kikawa kitanda, ubavuni pana kabati la mbao, jiko la gesi na dumu la maji. Wenyewe huziita kampavani. Nami ninayo moja, na nimeshakagua kadhaa za ndugu na marafiki kabla hawajanunua au kabla hawajamlipa fundi.

Siku moja mdogo wangu aliniita nikaitazame ya kwake gereji. Viti vilikuwa vimevalishwa upya ngozi ya rangi ya kahawia, na mikanda mitatu mipya ilikuwa imelala juu yake. Fundi akaushika mmoja kwa mikono miwili, akauvuta mpaka gari likatikisika. "Mama, huu hata ng'ombe hang'oi," akasema. Nikamjibu, "Nimeona, fundi. Sasa nipatie boksi nitandike, nilale nitazame chini."

Nilichokiona ni bolti zilizotokeza kwenye bati la sakafu, kila moja na washa ndogo kama sarafu na nati moja. Kuzunguka washa ya katikati bati lilikwisha kubonyea kuelekea juu, kama mfuniko wa sufuria uliokanyagwa. Mikono ya mtu mmoja ilitosha kulivuta.

Somo lote la kazi hii limo katika bonyeo lile. Mkanda wa nyuma hauhukumiwi kwa utepe wake wala kwa kifungio chake. Unahukumiwa kwa chuma ulichoshikizwa, na chuma hicho karibu kila mara kimejificha: chini ya zulia, nyuma ya mbao, upande wa pili wa bati. Anayetaka kuijua kazi nzuri aanze huko.

Mzigo wenyewe

Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, likagonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 14 ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 70 anauvuta mkanda kwa nguvu ya karibu tani moja. Wakiwa watatu kwenye kiti kimoja, ni tani tatu. Mtoto wa kilo 15 aliyepakatwa anakuwa mzigo wa kilo 200 na ushei. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kuuzuia, hata awe na nguvu kiasi gani.

Ndiyo maana vipimo vya kimataifa ni vikali. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa inahusu mahali mkanda unaposhikizwa kwenye gari, mahali ambapo hapa nitapaita nanga. Kwa magari madogo ya abiria inataka nanga za mkanda wa pointi tatu zihimili nyutoni 13,500 kwenye bega na nyutoni 13,500 kwenye kiuno kwa wakati mmoja. Kila moja ni kama kuning'iniza kilo 1,350. Kwa mkanda wa kiunoni peke yake kipimo ni nyutoni 22,250, kwa kuwa hauna wa kusaidiana naye. Na kama mkanda umefungwa kwenye kiti chenyewe badala ya bodi, kipimo kinaongezewa mara 20 ya uzito wa kiti, maana siku ya ajali kiti nacho kinataka kwenda mbele pamoja na aliyekikalia.

Ukizijua namba hizo, hutadanganyika tena na mvuto wa mikono ya fundi. Wala hutaridhika kwa sababu tu sheria imeridhika. Kenya ilipoanza kutekeleza kanuni za Waziri John Michuki mwezi Februari 2004, matatu, yaani mabasi madogo ya abiria ya huko, zilitakiwa kuwa na mikanda kwenye siti zote na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Ilikuwa hatua kubwa kwa ukanda wetu mzima. Lakini askari aliyesimama dirishani anauona mkanda, haioni nanga. Kuiona nanga ni kazi ya mwenye gari.

Nanga: lala chini utazame

Kabla ya kitu chochote kutobolewa, fundi mzuri hutafuta matundu ya kiwandani. Bodi ileile ya gari aina hii mara nyingi hutumika kwa toleo la mizigo na toleo la abiria, kwa hiyo huenda nati za mikanda zimekwisha kuchomelewa ndani ya nguzo na sakafu, zikazibwa kwa vizibo vya plastiki au kufunikwa na zulia. Fundi anayechukua tochi na kupapasa nguzo kwa vidole kabla ya kushika drili, huyo mpe gari lako.

Yasipokuwapo matundu hayo, nanga mpya lazima ikae kwenye chuma kinene au karibu yake: mihimili ya chuma inayopita chini ya sakafu, nguzo za bodi, au maungio yaliyokunjwa mara mbili. Bati tupu la sakafu ni jembamba na halikuumbwa kushika mtu. Ikibidi bolti ipite kwenye bati, chini yake lazima liwekwe bamba la chuma la kusambaza nguvu. Bamba zuri lina unene wa milimita 3 au zaidi, upana wa kutosha kujaza kiganja, na pembe zake zimesagwa zikawa mviringo ili zisikate bati siku ya mvutano. Linakaa upande wa chini, ili mkanda ukivutwa bamba likumbatie sakafu kutoka nje. Limelala bapa bila kuacha nafasi, na kingo zake zimepakwa rangi ya kuzuia kutu.

Kutu ndiyo adui mkubwa wa magari haya. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula sakafu kimyakimya, hasa chini ya mpira wa sakafu na juu ya matairi ya nyuma. Chukua mpini wa bisibisi ugonge bati taratibu kuzunguka kila nanga. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti butu, na mara nyingine rangi hupukutika na kuacha unga mwekundu. Bamba jipya lililofungwa juu ya bati lililooza halina linachokishika. Hapo kazi ya kwanza ni ya fundi bodi: kukata, kuweka bati jipya, kuchomelea. Mikanda isubiri.

Tazama pia kilicho jirani. Chini ya sakafu hupita bomba za breki, nyaya na tangi la mafuta. Bolti inayosugua bomba la breki imeongeza hatari moja mahali pa nyingine.

Bolti

Bolti ya mkanda si bolti ya dukani. Kwa desturi ya kimataifa ina unene wa inchi 7/16, yaani milimita 11.1, na meno 20 kwa kila inchi. Ukubwa huo ni wa inchi hata ndani ya magari ya Japani ambayo bolti zake nyingine zote ni za milimita. Hapo ndipo kazi mbovu hujitambulisha. Fundi asiyejua huchukua bolti ya milimita 10, ikacheza ndani ya nati. Mwingine hulazimisha ya milimita 12, meno ya nati ya kiwandani yakasagika, na nanga iliyokuwa nzima ikafa siku ile.

Bolti halisi mara nyingi ina bega laini chini ya kichwa. Bega hilo huliwezesha bamba la mkanda kuzunguka kidogo baada ya bolti kukazwa, ili mkanda ufuate mwelekeo wa mvutano. Lishike bamba hilo ulizungushe kwa kidole. Likizunguka bila kulegea, kazi ni nzuri. Likiwa limegandamizwa lisitikisike, siku ya ajali utepe utavutwa ukiwa umepinda, na utepe uliopinda huchanikia pembeni. Bolti ikazwe kwa spana ya kipimo. Magari mengi huandikiwa karibu nyutonimita 40. Na mtu asichomelee bolti hiyo wala kichwa chake, kwa sababu moto hulegeza chuma kilichokomazwa kiwandani.

Utepe na kisanduku chake

Sasa ndipo tupande ndani ya gari. Soma lebo iliyoshonwa kwenye utepe. Mkanda uliopimwa kwa kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa una herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Kanuni hiyo inataka utepe uwe na upana wa milimita 46 au zaidi na usikatike chini ya nyutoni 14,700, karibu tani moja na nusu. Inataka pia kitufe cha kufungulia kiwe chekundu, ili hata mgeni wa gari akitambue haraka. Mkanda usio na lebo yoyote, hata uwe mpya ndani ya nailoni, mimi simfungi nao mtoto.

Wengi hununua mikanda iliyotumika, na si kosa, mradi ujue kuisoma. Uvute utepe wote mpaka mwisho, kwa maana uovu hujificha kwenye ile sehemu isiyotoka kila siku. Pitisha kingo zake kati ya kidole gumba na cha shahada. Kingo nzima ni laini kama ukanda wa mkoba mpya. Kingo zenye manyoya zimeanza kufa. Utepe uliopauka na kukakamaa umepigwa jua miaka mingi. Kisha angalia ile pete ambayo utepe hupitia juu ya bega: ukiona plastiki yake imekwaruzika kwa mistari mirefu, au utepe una sehemu inayong'aa kama iliyopigwa pasi ya moto, mkanda huo ulikwisha kumwokoa mtu mmoja katika ajali. Umemaliza kazi yake, nyuzi zake zimenyooka, hautarudia. Uache hapo mezani kwa muuzaji.

Kisanduku kinachoviringisha utepe kina siri yake, na mafundi wengi hawaijui. Ndani yake kuna kipande cha uzito, mara nyingi gololi au kidude kinachoning'inia, kinachofunga utepe gari likisimama ghafla au likiinama. Kanuni inataka kisifunge kikiinamishwa nyuzi 12 au pungufu kutoka kwenye mkao wake, na kifunge kabla ya kupita nyuzi 27. Maana yake, kisanduku kilichotengenezwa kusimama wima kwenye nguzo hakiwezi kulazwa chini ya kiti kwa kuwa tu nafasi imepatikana hapo. Kitafunga moja kwa moja na utepe usitoke, au mbaya zaidi, hakitafunga panapohitajika. Nimeona fundi akikifungua na kukitoa kile kidude "kinachosumbua". Utepe ukawa mlaini kuvuta, na kazi ya mkanda ikaisha.

Jaribio lake ni rahisi. Kwenye uwanja mtupu, dereva aende mwendo wa baiskeli kisha akanyage breki kwa nguvu, huku wewe nyuma umefunga mkanda na mkono umeegemea kiti cha mbele. Mkanda mzuri unakukamata mara moja. Rudia kwa kila siti, kwa kuwa kila kisanduku kina maisha yake.

Njia ya mkanda mwilini

Mkanda wa pointi tatu tunaoujua ulitengenezwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo, ambaye kabla ya hapo alibuni viti vya kurusha marubani nje ya ndege. Uliingia kwenye magari ya Volvo mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Ubora wake upo kwenye njia unayopita: mifupa ya nyonga na mfupa wa bega, sehemu za mwili zenye uwezo wa kubeba mzigo. Fundi akiipotosha njia hiyo, amekuuzia kitu kingine chenye sura ileile.

Kaa kwenye kila siti, ufunge, kisha ujitazame. Sehemu ya kiunoni ilale chini, juu ya mapaja, ikigusa nyonga. Ikipanda tumboni, itaukata utumbo na ini. Mjamzito aipitishe chini kabisa ya mimba. Ukitazama kutoka ubavuni, mkanda ushuke kuelekea nanga kwa mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 80. Ukilala sana, mwili utateleza chini yake. Nanga mbili za chini za siti moja ziachane milimita 350 au zaidi, na kila siti iwe na za kwake.

Nanga ya juu iwe sawa na bega au juu yake. Fundi akikosa nguzo nyuma ya kiti, hushawishika kuifunga chini ya bega, nyuma ya egemeo. Mkanda wa namna hiyo hulivuta bega kuelekea chini na kuubana uti wa mgongo siku ya mgongano. Kwenye siti ambayo haiwezi kupata nanga nzuri ya juu, mkanda wa kiunoni uliofungwa vizuri ni wa kweli kuliko wa pointi tatu wa uongo.

Kiti kinachogeuka kitanda

Hapa ndipo kampavani inapotofautiana na gari jingine, na ndipo mafundi wa mbao wanapokutana na kazi isiyo yao. Boksi la plaiwudi ni zuri kwa kuhifadhi sufuria. Halishiki mtu. Mkanda uliofungwa kwenye mbao, au kwenye fremu ya chuma iliyokazwa kwenye mbao, utaondoka na mbao zake. Fuatilia kwa kidole kutoka kwenye kifungio hadi chini: kama njiani kuna skrubu ya mbao hata moja inayobeba mzigo, kazi imefeli.

Kagua pia komeo la egemeo. Kiti kinacholala kwa urahisi usiku kinaweza kulala chenyewe mchana, nyuma ya mgongo wa mwanao. Komeo liwe la chuma, lifunge pande zote mbili, na lisilegee ukilitikisa. Na kile kinachopakiwa nyuma nacho kinagonga: dumu la maji la lita 20 linakuwa karibu kilo 280 katika mgongano ule tuliouhesabu. Mtungi wa gesi na mikungu ya ndizi nayo ifungwe kwa kamba kwenye ndoano za chuma.

Siti zinazotazama ubavuni, zile za kukaa kuzunguka meza, zibaki za kunywea chai gari likiwa limesimama. Mwili hukunjika upande na mkanda unaweza kuumiza shingo na mbavu. Ulaya iliziondoa kwenye magari mapya ya familia tangu 2007. Gari likiwaka, kila mtu atazame mbele.

Mtoto mdogo anahitaji kiti chake, na kiti hicho kinategemea mkanda uleule. Kifunge, kisha ukishike kwa chini ukitikise. Kikisogea zaidi ya inchi moja, kifungio cha mkanda ni kirefu mno au pembe ni mbaya. Rekebisha kabla ya safari.

Namna ya kumsoma fundi

Muulize maswali matatu: nanga itakaa kwenye chuma gani, bolti ni ya ukubwa gani, na je, utaniruhusu nitazame kabla hujafunika? Fundi bora hujibu la tatu kwa furaha. Hupiga picha za mabamba kabla ya kurudisha zulia, na kuna siti ambayo atakataa kuifunga mkanda. Kukataa huko ndiko alama kubwa ya ustadi niliyowahi kuiona katika kazi hii, kwa maana fundi anayekubali kila siti hajaitazama hata moja.

Gari la mdogo wangu lilirudiwa kwa siku tatu. Tukapata matundu mawili ya kiwandani yaliyozibwa, tukaongeza mabamba ya milimita 3 kwa yaliyobaki, na visanduku vikahamishiwa kwenye nguzo. Siti ya katikati haikupata chuma cha kuaminika, kwa sababu chini yake lilikuwa limepita tangi. Tukaiondolea mkanda, na mdogo wangu akapigilia kabati dogo mahali pa kukalia ili asije akashawishika. Disemba ilipofika, watoto wawili walikwenda Moshi na kurudi wakiwa wamefungwa nyuma. Shemeji alipanda basi.